Sehemu ya Pili

Katika Mji Mkongwe wa Unguja pana njiapanda iitwayo Jaws Corner, nayo imepata jina lake kwa filamu ya papa iliyotoka Marekani mwaka 1975. Mji uliozungukwa na bahari, wenye papa wake wa kweli sokoni kila asubuhi, uliazima jina la papa wa bandia na kulibandika mahali ambapo watu hunywa kahawa, hucheza dhumna na kuzozana juu ya siasa na mpira. Jina likakaa, na walioliita hivyo mwanzo wengi wao wameshatangulia.

Miongoni mwa wanaokaa hapo jioni yumo mzee mmoja, fundi umeme aliyestaafu, ambaye umri wake umepita miaka sabini. Watu humwendea kwa jambo moja, nalo ni filamu. Filamu zake za mwanzo aliziona utotoni katika jumba la Majestic, lililofunguliwa mwaka 1955, na tangu hapo hajaacha: sinema, kanda za video, santuri, na sasa vile vijiti vidogo ambavyo wajukuu humletea vikiwa na filamu kumi ndani yake. Anatazama kila kitu. Lakini ana maoni makali juu ya mambo matatu: filamu zinazoendelezwa sehemu ya pili na ya tatu, filamu za zamani zinazotengenezwa upya, na filamu za mashujaa wanaoruka angani. Kwa muda mrefu maoni yake yalikuwa fatwa: hadithi iliyokwisha iachwe ilale.

Ushahidi wake wa kwanza ni papa yule yule wa njiapanda. Filamu ya 1975, iliyoongozwa na Steven Spielberg, ilitisha kwa kuwa papa mwenyewe haonekani ila kwa nadra. Sababu haikuwa ya hekima tupu. Samaki wa mashine aliyetengenezwa kwa ajili ya filamu ile alikuwa akiharibika kila mara katika maji ya chumvi, na mwongozaji akalazimika kuonyesha maji, mapipa yanayoelea na nyuso za watu, akamwachia mtazamaji kazi ya kumwumba papa moyoni mwake. Ikaja sehemu ya pili mwaka 1978, ya tatu mwaka 1983, na ya nne mwaka 1987, zote pasi na Spielberg. Kila sehemu ilimwonyesha samaki zaidi na kutisha kidogo zaidi kuliko kawaida ya kuchekesha. Katika ile ya nne papa anaiandama aila moja hadi visiwa vya Bahamas, kana kwamba ana kisasi nayo. Wavuvi waliosimuliwa habari hiyo barazani walicheka hadi kahawa ikamwagika. Papa ana njaa, walisema. Kinyongo ni cha binadamu.

Hata hivyo mzee huyu si mtu wa kuficha hoja inayompinga. Yeye mwenyewe ndiye huitaja sehemu ya pili ya The Godfather, ya mwaka 1974, iliyokuwa filamu ya kwanza ya mwendelezo kupata tuzo ya Oscar ya filamu bora. Anaeleza kwamba Francis Ford Coppola hakumfufua mtu wala hakuurefusha ugomvi uliokwisha. Alirudi nyuma kuonyesha ujana wa baba, kisha akenda mbele kuonyesha upweke wa mwana, akaziweka habari hizo mbili ubavu kwa ubavu. Mtazamaji akatambua kwamba alichokiona katika filamu ya kwanza kilikuwa katikati ya hadithi, na mwanzo wake na mwisho wake vilikuwa havijasemwa. Mwendelezo wa namna hiyo mzee anaukubali. Asioutaka ni ule unaokuja kwa sababu mlango wa tikiti ulijaa mara ya kwanza.

Juu ya filamu zinazotengenezwa upya maoni yake yana utulivu zaidi, na wapenzi wa ushairi wangeyafahamu upesi. Anazipima kwa mizani ya takhmisa. Katika takhmisa mshairi hutwaa vipande viwili vya mwenziwe na kuvitangulizia vitatu vyake, ubeti ukawa wa vitano. Vya zamani havikuguswa, lakini kwa kuwa vimetanguliwa na maneno mapya, vinasikika kwa maana ambayo havikuwa nayo. Mtu asiye na vipande vitatu vya kwake, anasema mzee, asiviguse viwili vya mwenziwe.

Mfano wake mkubwa ni Mother India. Mehboob Khan aliitoa filamu hiyo mwaka 1957, lakini kisa chake alikuwa ameshakitengeneza mwaka 1940 kwa jina la Aurat, pasi na rangi. Kisa ni kile kile: mama anaachwa peke yake na watoto, ufukara na mkopeshaji asiye na huruma, na mwishowe anampiga risasi mwanawe wa kumzaa ili kuinusuru heshima ya kijiji. Baina ya filamu hizo mbili India ilipata uhuru, mwaka 1947. Mama wa 1940 alikuwa mwanamke wa kijiji kimoja. Mama wa 1957, aliyechezwa na Nargis, alikuwa pia nchi nzima, na risasi yake ilikuwa swali kwa taifa changa: sheria au damu?

Hapa pana jambo ambalo watu wa barazani wanalijua na hawalisemi mbele yake. Marehemu mkewe aliiona Mother India kabla hawajajuana, katika maonyesho ya wanawake peke yao, ambayo yalikuwa desturi ya majumba ya sinema ya Unguja siku hizo. Walipooana waligundua kwamba wote wawili waliilia filamu hiyo, kila mmoja kwa sababu yake. Mke alishikilia kwamba mama yule alifanya haki. Mume alishikilia kwamba hapana mama wa kweli anayeweza kuifyatua bunduki ile. Ubishi huo ulidumu zaidi ya miaka arubaini, wakiuanza upya kila filamu ile ilipopatikana, na haukupata hakimu. Mke alifariki mwaka 2021. Tangu hapo, filamu hiyo inapotajwa, mzee huitetea risasi ya mama kwa hoja za mkewe, neno kwa neno, na hapana mtu aliyethubutu kumkumbusha kwamba zamani alikuwa upande wa pili.

Turathi za kutengeneza upya haziko India peke yake. Filamu ya Akira Kurosawa ya samurai saba, ya mwaka 1954, ilivuka bahari ikawa ya wapanda farasi wa Kimarekani mwaka 1960, nayo inahesabika miongoni mwa asili za Sholay ya 1975. Alfred Hitchcock aliitengeneza upya filamu yake mwenyewe, The Man Who Knew Too Much ya 1934, mwaka 1956. Mtu anayeona aibu katika hilo na amkumbuke Mwalimu Nyerere, aliyekitoa kwa Kiswahili mchezo wa Shakespeare mwaka 1963, kisha akarudi mezani, akasahihisha, akautoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Tafsiri nayo ni kutengeneza upya. Hali kadhalika ndivyo walivyofanya wale wasimulizi wa Dar es Salaam, Lufufu akiwa mashuhuri wao, waliozitia filamu za kigeni sauti ya Kiswahili hata steringi wa Hong Kong akawa kama mtu wa Kariakoo.

Kinachomchukiza mzee ni nakala isiyo na nyongeza. Mwaka 1998 Gus Van Sant aliirudia Psycho ya Hitchcock ya 1960 karibu picha kwa picha, tofauti kubwa ikiwa rangi. Na mwaka 2019 ikaja The Lion King mpya, ikiifuata ile ya 1994 hatua kwa hatua, hata sauti ya Mufasa ikiwa ya mtu yule yule, James Earl Jones. Simba wa kuchorwa walikuwa na nyuso za kulia na kucheka. Hawa wapya walitengenezwa kwa kompyuta wafanane na simba wa mbugani, na simba wa mbugani hana uso wa msiba. Kwa mzee wa Unguja filamu hiyo ina kero nyengine. Simba, Rafiki, Pumbaa, Sarabi, Shenzi: majina yote hayo yalichukuliwa katika Kiswahili. Isitoshe, kampuni ya Disney iliyasajili Marekani maneno "hakuna matata" kuwa alama yake ya biashara kwenye nguo, usajili uliokamilika mwaka 2003, na mwaka 2018 watu wengi walitia saini kuupinga. "Mwenye kuazima chungu," mzee alisema siku hiyo, "hakiandiki jina lake."

Yakabaki mashujaa wa angani, na hapo ndipo mzee alipokuwa mkali kupita kiasi. Pwani, alisema, ina shujaa wake. Fumo Liyongo alikuwa na nguvu za kupita watu, lakini alifungwa gerezani kama watu, akaokolewa na tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa na mamaake. Alikuwa na siri moja, kwamba hauawi ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyeichoma sindano hiyo ni mwanawe. Akafa kisimani amepiga goti, upinde mkononi, na watu kwa siku kadhaa wakaogopa kuteka maji, hawajui kwamba wanamwogopa maiti. Hapo hadithi inakwisha, na kwa kuwa imekwisha inauma hadi leo.

Superman, kwa upande wake, aliuawa katika vitabu vyake vya picha mwaka 1992, akarudi mwaka 1993. Katika filamu ya Avengers ya 2018 nusu ya viumbe hai walitoweka. Mwaka uliofuata wakarejeshwa, na filamu hiyo ya pili ikaingiza zaidi ya dola bilioni 2.7 duniani. Iron Man alikufa humo kifo cha heshima. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba mchezaji wake, Robert Downey Jr., atarudi katika mfululizo huo huo akiwa na sura ya mtu mwengine. Mauti yenye mlango wa kutokea, anasema mzee, ni mchezo wa kujificha.

Mjukuu wake, kijana wa skuli ya sekondari, alimjibu siku moja kwa adabu. "Babu, na wewe kila Ramadhani hutusimulia Liyongo. Hayo si marudio?" Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba kila anaposimulia, Liyongo hufa. Jibu lilikuwa zuri, lakini waliokuwapo waliona kwamba swali nalo limepata pa kukaa.

Novemba 2022 binti yake anayeishi Dar es Salaam alimwalika, na mjukuu akamshawishi waende wakaione sehemu ya pili ya Black Panther. Ile ya kwanza, ya 2018, mzee alikuwa ameisifu kwa shingo upande: alipenda kusikia Kixhosa kikisemwa na wafalme, na alimfurahia Lupita Nyong'o, binti wa Kenya. Lakini mchezaji wa mfalme, Chadwick Boseman, alikuwa amefariki kwa saratani mwaka 2020, na mzee aliingia ndani akitarajia kumwona mwengine amekalishwa kitini pake.

Hakumwona. Filamu ilianza na mauti ya mfalme, ambayo kamera haikuyaonyesha. Wakaja watu waliovaa nyeupe, rangi ambayo kwa mzee ni rangi ya sanda, wakiimba na kucheza nyuma ya jeneza. Kisha nembo ya kampuni ikapita kimya, bila muziki, ikiwa imejaa picha za marehemu. Jumba zima likanyamaza. Mwongozaji, Ryan Coogler, alikuwa ameifanya sehemu ya pili kuwa matanga ya sehemu ya kwanza. Kuna vita baada ya hapo, na vishindo vya majini ambavyo mzee hakuvijali. Mwisho kabisa dada wa marehemu anaichoma nguo yake ya msiba, na anaonyeshwa mtoto ambaye hakujua kwamba yupo.

Yapo mambo ya kusemwa juu ya filamu hiyo, urefu wake ukiwa la kwanza. Lakini mzee alitoka akiwa kimya, na binti akaitumia fursa ile kulitaja tena jambo ambalo watoto wote walikuwa wamekubaliana tangu eda ya maneno ilipokwisha. "Baba, hatupendi ukae peke yako. Yupo mtu mwema, anakujua na unamjua." Mara mbili kabla ya hapo mzee alilijibu jambo hilo kwa mzaha, kwamba yeye hatazami sehemu ya pili.

Safari hii hakufanya mzaha. Alisubiri mpaka wapo kwenye boti wanarudi Unguja, na minara ya Forodhani imeanza kuonekana. Akasema kwamba likiwa litakuwa, ana sharti mbili. Picha ya mama yao haitaondoka ukutani. Na huyo atakayekuja, kabla ya kuhama na sanduku lake, akae siku moja asimuliwe habari za aliyemtangulia, tangu mwanzo hadi mwisho, na mwisho usifichwe.

Binti aliuliza kama hayo ni kukubali. Mzee alijibu kwamba anamtaka kwanza aulizwe bibi huyo maoni yake juu ya risasi ya Mother India.