Furaha ya Bahati, Huzuni ya Shibe

Waama, maneno nayo yana vituko vyake. Neno happy la Kiingereza limetokana na hap, neno kongwe lenye maana ya bahati. Mwenye furaha, basi, alikuwa mtu aliyebahatika tu, mithili ya abiria aliyeiwahi feri ya Likoni ikiwa karibu kuondoka. Sad ni kioja zaidi: hapo kale lilimaanisha aliyeshiba. Aliyeshiba akachoka, aliyechoka akawa mzito, na uzito huo hatimaye ukawa huzuni. Laiti maana hiyo ingevuka bahari, mkazi wa Changamwe aliyemaliza sinia la pilau angepewa mkono wa pole! Silly nalo, ambalo leo ni upumbavu, lilianza likiwa sifa ya mwenye heri.

Hata hivyo, Kiswahili kisiwacheke jirani zake. Raha ilitoka katika Kiarabu ikiwa mapumziko. Taarab nayo asili yake ni tarab, msisimko wa moyo, uwe wa furaha au wa huzuni. Si ajabu kwamba katika harusi ya Kisauni wimbo mmoja humchekesha bi harusi na kumliza mamake.

Aidha, yapo yasiyochekesha. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844. Julai ya mwaka huo mkewe, Rosine, alifariki, na siku chache baadaye kichanga chao kikamfuata. Walizikwa upande wa bara, panapoitwa Nyali leo. Krapf aliendelea kukusanya maneno ya Kiswahili, na kamusi yake ikachapishwa London mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Katika mpangilio wa kamusi, furaha hutangulia huzuni kwa kuwa F huja kabla ya H. Misiba haifuati alfabeti.

Mfiwa hana haja na asili ya maneno. Mwingereza humwambia sorry, neno lile lile analoombea radhi akimkanyaga mtu mguu. Mswahili humwambia pole, asikiri kosa wala asidai kuyajua maumivu ya mwenziwe. Naye mfiwa wa Likoni, machozi yakiwa bado hayajamkauka, hujibu: "Nishapoa." Wote wawili wanajua kwamba hajapoa. Mgeni huvua viatu, akaketi naye mkekani.