Mbabula yetu: kutengeneza ao kununua mpya?

Majuma haya ya mvua wengi wananiuliza habari za barabara na bei ya unga. Leo naomba niseme juu ya mbabula. Hapa Goma mbabula si ya kupikia tu, ni ya kuota moto pia. Mji wetu uko karibu mita 1500 juu ya bahari, nyumba nyingi ni za mbao, na usiku wa mvua upepo unapita kati ya mbao kama vile hakuna ukuta.

Tangu mama mdogo akimbie Masisi na watoto wake, nyumbani tuko watu tisa. Mbabula iliyopikia watu wanne ilichoka. Wavu ulikatika, udongo wa ndani ukapasuka, na bati la upande likatoboka. Gunia la makala lililotufikisha mwezi likaanza kuisha katika majuma mawili. Ni kweli tumeongezeka, lakini si watu tu waliokula makala yale.

Niliipeleka kwa fundi wa bati. Aliomba franka 6000 kwa kutengeneza, na 20000 kwa mpya yenye udongo. Kwa nyumba isiyo na mshahara wa hakika, tofauti hiyo ni chakula cha siku mbili. Nilikuwa tayari kulipa 6000. Yeye akanizuia: "Mama, wavu ni kitu kidogo. Udongo pia nitaweka mwingine, ukauke kivulini siku kadhaa. Lakini hili bati, nikiliziba hapa litatoboka pale."

Akanionyesha namna ya kupima, nami nawapa bure. Washa makala, yakishika vizuri funga kale kamlango ka chini. Moto ukififia polepole, bati bado ni zima, tengeneza tu. Makala yakiendelea kuwaka mekundu, hewa inaingia kwenye matundu na huwezi tena kuitawala. Hapo unachoma pesa. Yetu iliendelea kuwaka kama sikukuu. Makala ya juma moja kwetu yanakaribia bei ya mbabula mpya, basi nikanunua. Bati la zamani fundi alilichukua na kunipunguzia franka 1000.

Lakini ugomvi wenyewe ulikuwa nyumbani. Mama mdogo alitaka mbabula mpya ilale chumbani, kwa ajili ya mjukuu wake wa miezi miwili. "Mwanangu, mtoto anasikia baridi. Makala yakiisha kutoa moshi, shida iko wapi?"

Shida iko palepale. Makala mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anaumwa kichwa, anasikia usingizi, na katika chumba kilichofungwa anaweza asiamke. Sisi wa Goma tunajua mazuku, ile hewa inayotulia mabondeni na kuua mbuzi na hata watu. Ya makala ni hewa nyingine, lakini nayo haionekani. Mbabula mpya haiondoi hatari hiyo. Na kwenu mlio chini ya turubai, ongezeni hatari ya kuungua.

Sikumshinda mama mdogo kwa maneno, na kwa heshima yake sikuendelea kubishana. Jioni tunaota moto barazani, mlango wazi. Kabla ya kulala tunatoa mbabula nje, na maji ya moto yasiyochemka tunayatia katika kidumu, tunakaza kifuniko, tunakizungushia kitenge mara mbili. Kinawekwa karibu na miguu ya mtoto, bila kumgusa ngozi.

Sasa mama mdogo anakiita kidumu hicho "bwana yangu". Jana jirani alikuja kukiazima, akanyimwa.