Kadi ya Ayubu Ilikuwa Kwenye Boksi



Nikiwa chuo cha Biblia nilianza kuandika mawazo kwenye kadi na kuziweka katika boksi la viatu, kila kadi chini ya kichwa chake: Ayubu, Imani, Msiba, Ndoa. Nilijiona nimejipanga.

Miaka mingi baadaye wazazi vijana wa kanisa letu walifiwa na mtoto. Usiku wa kuamkia mazishi nilifungua "Msiba", nikatoa kadi tatu, na kesho yake nikahubiri kwamba Mungu ana sababu zake. Watu wakasema amina. Mama yule hakurudi kanisani.

Miezi ikapita. Nikitafuta jambo lingine, nikakutana na kadi yenye mwandiko wangu wa chuoni: marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno, walianza kukosea walipofungua kinywa. Ilikuwa boksi lile lile, chini ya "Ayubu". Hakuna kitu kilichoiunganisha na kadi za msiba.

Niklas Luhmann, msomi wa Ujerumani aliyefariki 1998, aliacha kadi zipatazo 90,000. Hakutegemea vichwa. Kila kadi aliipa namba yake. Wazo likiendeleza lile la kadi 21, kwa mfano, linakuwa 21a na kukaa nyuma yake. Likigusa jambo lililo mbali, namba ya kadi ile ya mbali inaandikwa hapo hapo. Basi kadi moja inakutuma kwa nyingine.

Siku hizi, kabla sijarudisha kadi, najiuliza: siku nitakayoihitaji, nitakuwa nimesimama wapi? Kando ya kaburi? Mbele ya vijana wanaotaka kuoana? Naandika namba ya kadi za huko, na sababu kwa maneno machache. Kadi ya Ayubu sasa imetajwa kwenye kila kadi yangu ya msiba.

Mpendwa, huenda neno unalolitafuta leo ulishaliandika. Fungua daftari lako la mahubiri, chagua ukurasa mmoja, uandike pembeni ni nani nyumbani kwako anayeuhitaji.

Nami nilienda kwa mama yule. Sikubeba kadi. Nilimwomba msamaha, nikakaa. Akaleta chai, tukanywa bila kusema mengi.

Bwana atufundishe kukumbuka kwa wakati.