Godoro la Yaya

Leo tunaandika habari za dada mmoja wa kwaya yetu hapa Nyarugusu. Tulimwomba ruhusa, akakubali, ila akasema tusiweke jina wala picha. Basi tutamwita Yaya, kama tunavyomwita kila siku, maana wengi wetu ametutangulia kuzaliwa.

Yaya alizaliwa hapa hapa kambini. Kambi ilifunguliwa 1996, wazazi wetu walipokimbia vita vya Kongo na kuvuka Ziwa Tanganyika, na yeye akazaliwa miaka mitatu baadaye. Ukimuuliza kwao ni wapi anakujibu Fizi, lakini Fizi yenyewe hajawahi kuikanyaga.

Mwisho wa 2024 familia yake ikapata tarehe ya kwenda Marekani. Walikuwa wamesubiri miaka mingi: mahojiano, vipimo vya afya, halafu mahojiano tena. Safari ikapangwa mwanzoni mwa Februari 2025. Si mnajua mambo yanavyokuwa mtu akipata tarehe? Huwezi kupanda ndege na sufuria. Yaya akaanza kugawa vitu. Godoro akatupatia sisi wa besi, vijana wawili tunaokaa nyumba moja, tuliokuwa tunalala kwenye mkeka. Ndoo na jiko vikaenda kwa jirani. Sola ndogo akapewa mdogo wetu mmoja anayejiandaa na mtihani wa diploma ya Kongo. Sufuria kubwa, ile ya sikukuu, akaichukua mpiga gitaa wetu. Tukaimba, tukalia, tukala bugali na sombe yenye mawese, tukapiga picha.

Halafu Januari hiyo hiyo Marekani ikasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na safari zilizokuwa zimeshapangwa zikafutwa. Familia ya Yaya ikaitwa, ikaambiwa safari imesimama. Mpaka lini? Hakuna aliyewajibu.

Hapa tuseme ukweli. Kitu cha kwanza tulichofikiria sisi wa besi hakikuwa Yaya. Kilikuwa godoro. Usiku ule tulilala juu yake tukijua kabisa mwenyewe amelala chini, na hakuna aliyemwambia mwenzake tulirudishe. Asubuhi tukasalimiana bila kuangaliana usoni. Mpiga gitaa naye alikuwa na shida kuliko sisi: sufuria alishaiuza.

Siku tatu Yaya hakutoka nyumbani. Mama yake alituambia halii tena, amelala tu anaangalia ukuta. Watu wakaanza maneno. Eti labda hakufunga na kuomba vizuri. Eti Mungu amemfungia mlango. Sisi hatukuwa na neno la kumwambia, na tuliogopa kwenda kwake mikono mitupu wakati kitanda chake kiko kwetu.

Siku ya nne ilikuwa Jumamosi. Kanisani kwetu kuna karatasi ya zamu za kufagia, imebandikwa nyuma ya mlango. Tulitakiwa kufuta jina la Yaya tangu Krismasi, hatukufuta, ni uvivu tu. Jioni tulipofika kwa mazoezi tukakuta sakafu imefagiwa na kunyunyiziwa maji ya kutuliza vumbi, mabenchi yamepangwa, na Yaya amekaa mbele anakaza kamba ya ufagio.

Akasema, "Jina langu liko kwenye zamu. Mlitaka nani afagie?"

Tukasimama pale kama watoto waliochelewa shule. Mmoja wetu akamuuliza, "Yaya, uko na amani?" Akasema hapana, amani bado, iko njiani inakuja kwa miguu. "Lakini Ibrahimu aliondoka Harani ana miaka 75. Mimi nina 25. Mbona mnaniangalia kama niko kwenye msiba?" Tukacheka. Naye akacheka, halafu akalia kidogo, halafu akajifuta macho akatuambia besi tunaburuta wimbo.

Usiku ule ule tulibeba godoro kichwani tukalipeleka kwake. Yaya akataka kukataa, lakini mama yake akalipokea kabla hajamaliza kusema. Sola akasema mdogo wetu akae nayo mpaka mtihani upite. Mpiga gitaa alikwenda kukiri peke yake. Akaanza kufyatulia watu matofali, akaweka pesa kidogo kidogo, na mwezi wa sita akanunua sufuria nyingine, ndogo kuliko ile. Yaya anasema ndogo inaiva haraka.

Tangu pale tumeanza kuangalia vitu vinavyompa furaha, maana zamani tulidhani mwenye furaha kambini ni yule mwenye tarehe. Anafurahia kuwa wa kwanza bombani, kabla foleni haijawa ya ugomvi. Anafurahia watoto wa shule ya Jumapili wanaoimba kwa kupiga kelele. Anafurahia sare za kwaya zikiwa kwenye kamba, zote kitenge kimoja, zinapepea.

Na safari bado anazipenda. Pasaka ile tulialikwa kuimba upande wa wenzetu Warundi. Kutoka nje ya kambi kunahitaji kibali, lakini kutoka zoni moja kwenda nyingine ni miguu yako tu. Mvua ilikuwa imenyesha. Tulikwenda na ngoma mabegani, ndala mkononi, na Yaya mbele akigawa karanga alizozikaanga kwa ajili ya njia. Wao waliimba Kirundi, sisi Kiswahili, na chakula tukala sahani moja. Wakati wa kurudi alisema amechoka vizuri, kama mtu aliyetoka mbali.

Nje ya kambi amefika mara moja tu, alipopata kibali cha kumsindikiza mama yake hospitali Kigoma. Siku hiyo hakukuwa na ukungu. Ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo ilionekana. Anasema mama yake alimshika mkono, akaonyesha kwa kidevu, akasema, "Kule." Hakuongeza neno. Yaya anatuambia katika maombi yake yuko na nyumba tatu: ile ya kule, ile ambayo hajaiona, na hii anayoifagia. Zote anamtajia Mungu, ila hii anaitaja kwanza kwa sababu inavuja.

Kwenu mnaofanya kazi na sisi: mnapotuletea habari kama ile, msiishie kusoma karatasi. Muulizeni mtu ameshagawa nini. Muulizeni leo usiku analalia nini. Na kwenu vijana wenzetu, kama una godoro la mtu ambaye safari yake ilisimama, usingoje siku nne kama sisi. Yaya hakututukana, lakini aibu ile bado tunayo.

Safari yao bado imesimama. Jumamosi hii zamu ya kufagia ni yetu wa besi, na Yaya ameshatuonya: tusisahau maji, vumbi linamkaba sauti.

Mungu awabariki.