Tembo wa Tsavo, Tembo la Kaloleni

Sisi tufundishao Kiswahili Busia na Tororo, ng'ambo hii na ile ya mpaka, huamka tukitazama migomba na mashamba ya ulezi, si minazi. Kwa hiyo likizo iliyopita tulikata shauri kwenda pwani.

Kutoka Nairobi tulipanda garimoshi la reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017. Reli hiyo hukatiza hifadhi ya Tsavo, iliyotengwa mwaka 1948, nasi dirishani tuliwaona tembo, wekundu kwa vumbi la huko. Mombasa hatukukaa sana. Mji ni mzuri, lakini mfuko wa mwalimu una mwisho. Tukaenda Kaloleni, kwa wagema.

Wasomaji wanaijua methali: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mwanafunzi wetu mmoja aliwahi kuuliza mgema humtiaje ndovu maji, na swali lile halikuwa la kipuuzi. Jibu limo katika "li" ya "hulitia": ndovu angekuwa "humtia". Kaloleni jibu lilikuwa juu ya mnazi. Mgema hupanda asubuhi na jioni, akakata ncha ya karara kwa kotama, utomvu ukadondoka kibuyuni. Likiwa bichi ni tamu. Likilala, huwa kali.

"Karibuni, walimu," alisema mzee mwenye shamba. "Hili halijatiwa maji."

Kisha akauliza ya kwetu. Tukamweleza pombe ya ulezi ya Waiteso, chungu kimoja na mirija mirefu. Alisikiliza kwa makini, akataka kujua ulezi hugemwa na nani.