Makato Yalipopewa Mlango Wao

Majirani zangu wengi hapa Kware, Nairobi, hutoka alfajiri kwa miguu kwenda viwanda vya Industrial Area. Kwa miaka mingi nilitoka nao. Wao walielekea kwenye mitambo, mimi nikaelekea chumba chenye AS/400, mashine ambayo IBM iliitoa 1988, iliyokuwa ikihesabu mishahara yao.

Programu ya mishahara tuliyoikuta ilikuwa moja, ndefu, ya lugha ya RPG. Kodi ya mapato (PAYE), mchango wa uzeeni (NSSF), bima ya matibabu (NHIF), mkopo wa sacco, vyote vilikuwa humo. Kiwango kimoja kikibadilika, tuliifungua yote. Kampuni dada ikitaka makato yake, tuliinakili yote na kuibadilisha, hadi zikawa nakala nyingi zisizofanana na hakuna aliyejua ipi ifuatwe.

Njia ya kutoka ilikuwemo ndani ya RPG yenyewe. Amri ya CALL inaweza kuita programu ambayo jina lake limesomwa kwenye faili wakati kazi inaendelea. Basi tukaunda faili ndogo. Kila mstari ulikuwa na aina ya makato, jina la programu yake (herufi zisizozidi 10, ndivyo mashine inavyotaka), tarehe ya kuanza, tarehe ya kukoma, na nambari ya zamu. Programu kuu ikabaki na kazi ya kumsoma mfanyakazi, kuita kila programu kwa zamu yake, kujumlisha na kuchapa. Ukitazama maghorofa ya Kware na mtaa jirani wa Pipeline utaona vyuma vimechomoza juu ya paa, vikingoja ghorofa ijayo. Tuliacha vyuma namna hiyo.

Ugumu wote ulikuwa kwenye makubaliano. Programu kuu haipeleki nakala ya taarifa, inapeleka anwani yake kwenye kumbukumbu ya mashine, na hakuna anayekagua urefu. Programu ndogo ikidhani taarifa ni ndefu kuliko ilivyo, itaandika juu ya vitu visivyo vyake. Kwa hiyo mwanzoni mwa taarifa tuliweka nambari ya toleo. Sehemu mpya huongezwa mwisho tu, ya zamani haiondolewi. Kanuni nyingine niliipigania sana: programu ya makato isiandike chochote kwenye faili za mishahara, irudishe kiasi na maelezo tu. Umeme ukipotea katikati, kazi inarudiwa bila mtu kukatwa mara mbili. Kwa mtu anayelipia chumba kimoja hapa Kware, kukatwa mara mbili ni kodi ya nyumba kukosekana.

Aprili 2015 kiwango cha juu cha NHIF kilipanda kutoka shilingi 320 hadi 1,700, na tuliigusa programu moja fupi peke yake. Julai 2023 ikaja tozo ya nyumba, asilimia 1.5: mstari mpya. Oktoba 2024 SHIF ya asilimia 2.75 ikachukua nafasi ya NHIF. Mstari wa NHIF tuliupa tarehe ya kukoma badala ya kuufuta, kwani mtu akidai malimbikizo ya Septemba, makato yake ni yale ya Septemba.

Mwisho wa Desemba 2024 sheria iligusa mpangilio wenyewe. SHIF na tozo ya nyumba sasa hutolewa kabla ya PAYE kuhesabiwa, ilhali awali zilikuja baada yake. Tulizifundisha programu hizo mbili kupunguza kiasi kinachotozwa kodi, tukaondoa nafuu za kodi za zamani, kisha tukahamisha PAYE hadi zamu ya baada yao kwa kubadilisha nambari kwenye faili. Programu kuu, ambayo sasa inaendeshwa kwenye mfumo unaoitwa IBM i, haikufunguliwa.