Ufunguo na Funguo

Ufunguo wa kabati la mitihani ulinivunjikia mkononi nilipokuwa Muyinga. Fundi wa hapo alikuwa na funguo chache zisizochongwa, zimechanganyika koponi. Hata mmoja haukulingana na vipande vyangu. Nilisafiri hadi Gitega. Fundi wa huko alizitundika zake misumarini, kila umbo la mfereji na msumari wake.

“Mwalimu,” akaniambia, “mfereji usipolingana, ufunguo hauingii hata ukichongwa vizuri.”

Nilikumbuka madaftari ya wanafunzi wangu: “Ufunguo yangu imepotea.” Miaka yote nilisahihisha meno, yaani viambishi vya upatanisho, bila kuwaonyesha mfereji, yaani ngeli ya U-ZI. Sasa mimi huanza na jozi hii: “Ufunguo wangu umepotea, funguo zangu zimepotea.”